Mtoto Anapohara: Kwa Nini Dawa Tulizozizoea Hazifanyi Kazi Tena

Kama una jirani mwenye mtoto mdogo, mwite aje tusikilize pamoja, kwa maana jambo la leo linamhusu yeye na wewe.

Leo tunazungumza juu ya kuhara, au kama wengi wetu tunavyosema, kuendesha. Hasa tutazungumza juu ya dawa tunazowapa watoto wanapohara, na sababu ya baadhi ya dawa hizo kushindwa kazi siku ile tunapozihitaji sana.

Mara nyingi mambo huwa hivi. Mtoto anaanza kuhara usiku. Asubuhi mama anatafuta kwenye kabati ile chupa ya dawa iliyobaki mtoto alipokuwa na kikohozi. Asipoipata, anatuma mtu kwa kemisti alete Septrin, au Flagyl, au vile vidonge vya rangi mbili. Mtoto anapewa siku mbili, kuhara kunakoma, na mama anasema, "Dawa hii ni nzuri." Zinazobaki anaziweka kwa siku nyingine.

Mama, tujiulize maswali mawili. Je, ni dawa iliyomponya mtoto, au angepona hata bila hiyo dawa? Na kama hakuihitaji, dawa hiyo imeacha nini tumboni mwake?

Kuhara huletwa na nini?

Kuhara ni kupata choo cha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku. Huletwa na vijidudu vinavyoingia mdomoni kupitia maji machafu, chakula kilichoguswa na inzi, au mikono isiyonawiwa baada ya kutoka chooni. Vijidudu hivyo ni vya aina tatu.

Aina ya kwanza ni virusi. Virusi vya rota, kwa mfano, vimekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa visababishi vikubwa vya kuhara vibaya kwa watoto wachanga duniani. Aina ya pili ni bakteria, kama shigela, ambaye huleta kuhara damu, na yule wa kipindupindu. Aina ya tatu ni vimelea, kama amiba na jiadia.

Sasa sikiliza vizuri. Antibiotiki ni dawa za kuua bakteria. Haziui virusi hata kimoja. Mtoto anayehara kwa sababu ya virusi ukimpa Septrin au amoksilini, ni kama kumpa dawa ya minyoo mtu aliyevunjika mguu. Virusi vitaendelea na kazi yake mpaka mwili uvishinde wenyewe, na kwa kawaida huvishinda baada ya siku chache. Hata kuhara kwa majimaji kunakoletwa na bakteria, mara nyingi huisha kwenyewe mtoto akinyweshwa vizuri. Ndiyo maana dawa huonekana imeponya. Imepewa sifa ambayo si yake.

Usugu wa dawa ni nini?

Kliniki tunasikia mara kwa mara, "Sista, mwili wa mtoto wangu umeizoea Septrin." Sivyo, mama. Mwili wa mtoto haujaizoea dawa. Walioizoea ni bakteria.

Ndani ya utumbo wa kila mmoja wetu wanaishi bakteria wengi sana wasiohesabika. Wengi wao ni wema. Hutusaidia kusaga chakula na kuwazuia wabaya wasipate nafasi. Katika wingi huo, wachache huwa na uwezo wa pekee. Wengine hutengeneza kitu kinachovunja dawa kabla haijawadhuru. Wengine huitapika dawa nje kila inapoingia. Hao ndio tunaowaita bakteria sugu.

Mtoto anapomeza antibiotiki, bakteria dhaifu wanakufa, wema kwa wabaya. Wale sugu wanabaki. Ni kama shamba la mahindi. Ukifyeka juu juu, magugu laini yanakauka, lakini yale yenye mizizi mirefu yanabaki, na sasa shamba lote ni lao. Bakteria huzaana upesi. Wakipata chakula na nafasi, mmoja anaweza kugawanyika akawa wawili kwa muda wa nusu saa hivi, na wawili wakawa wanne. Kutoka jioni hadi asubuhi mmoja anaweza kuwa mamilioni, na wote wamerithi usugu wa mzazi wao.

Kuna jambo lingine la kushangaza. Bakteria hupeana usugu hata kama si wa aina moja. Miaka ya 1950 madaktari wa Japani walikuta shigela ambaye hakufa kwa dawa nne tofauti kwa wakati mmoja. Walipochunguza, mwaka 1959 walionyesha kwamba bakteria wa kawaida wa utumbo aliweza kumpa shigela usugu huo moja kwa moja, kama jirani anavyompitishia mwenzake moto juu ya ua. Kwa hivyo dawa uliyompa mtoto bila sababu leo inaweza kuwafanya sugu bakteria wake wema. Siku shigela akiingia tumboni, atakuta silaha zimeshaandaliwa.

Na usugu haukai katika nyumba moja. Bakteria sugu hutoka na choo. Mvua ikinyesha wanaingia mtoni au kisimani. Mtoto wa jirani, ambaye hajawahi kuonja dawa hiyo hata mara moja, anaweza kuugua kijidudu ambacho tayari ni sugu.

Yaliyotokea kwa jirani zetu

Mwaka 1977 kipindupindu kilizuka nchini Tanzania. Mwanzoni, dawa ya tetrasaiklini iliwaua bakteria hao vizuri. Kwa nia njema kabisa, dawa hiyo ikatolewa kwa wingi, si kwa wagonjwa peke yao, bali pia kwa watu wazima wa afya ili wasiambukizwe. Haikupita hata nusu mwaka. Baada ya miezi mitano tu, asilimia 76 ya bakteria waliopimwa walikuwa hawafi tena kwa tetrasaiklini. Dawa iliyogawiwa ili kulinda watu ilikuwa imewafundisha bakteria kujilinda.

Mwaka 1979 ugonjwa mkali wa kuhara damu ulianza nchini Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ukaenea hadi Rwanda, Burundi na Tanzania. Shigela huyo alikuwa sugu kwa dawa za kawaida. Madaktari wakaleta dawa nyingine, asidi ya nalidiksiki, na kwa muda ikasaidia. Halafu hiyo nayo ikaanza kushindwa.

Mwezi wa Julai 1994 wakimbizi wengi kutoka Rwanda walivuka mpaka wakaingia Goma. Kipindupindu kiliwavamia kwanza, kisha kuhara damu kukafuata. Katika mwezi mmoja hivi watu karibu 50,000 walikufa, wengi wao kwa magonjwa ya kuhara. Si usugu peke yake uliowaua. Maji safi hayakuwapo, na watu walikuwa wengi kuliko huduma. Lakini wale waliokuwa na kuhara damu walihitaji dawa, na dawa nyingi zilizojulikana hazikumuua shigela yule.

Huku kwetu Kenya pia tumeonywa. Watafiti walipima choo cha wagonjwa wa kuhara katika vituo vya afya vya mashambani magharibi mwa nchi kati ya mwaka 1997 na 2003. Waligundua kwamba shigela wengi walikuwa sugu kwa dawa za bei nafuu zilizokuwa zikitumika, na kwamba wagonjwa wengi walitibiwa kwa dawa ambayo vijidudu vyao vilikuwa vimeizoea.

Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba asidi ya nalidiksiki isitumike tena kwa kuhara damu, na kwamba siprofloksasini iwe dawa ya kwanza. Na hiyo siprofloksasini? Mwaka 2024 shirika hilo hilo lilimweka shigela aliye sugu kwa dawa za jamii ya siprofloksasini katika orodha yake ya bakteria sugu wa kutiliwa mkazo mkubwa. Mama, hatuna ghala la dawa mpya zinazosubiri. Kila tunayoipoteza, inayofuata ni ghali zaidi, au ni sindano, au haipatikani katika zahanati yetu.

Basi mtoto akihara nifanye nini?

Kinachomuua mtoto anayehara upesi ni kupungukiwa na maji na chumvi mwilini. Kwa hivyo dawa ya kwanza ya kuhara ni kunywa.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kiliingia katika kambi za wakimbizi nchini India. Maji ya kutia kwa mshipa yakakaribia kwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwapa wagonjwa maji yaliyochanganywa na chumvi na sukari, wanyweshwe na jamaa zao wenyewe. Kabla ya hapo, karibu wagonjwa 30 katika kila 100 walikuwa wakifa. Kwa waliohudumiwa naye, vifo vikashuka hadi chini ya 4 katika kila 100. Waliookoa maisha hapo walikuwa mama na jamaa walioshika kikombe na kijiko.

Leo maji hayo tunayaita ORS, na yanapatikana katika pakiti. Fanya hivi:

1. Nawa mikono kwa sabuni. Soma kwenye pakiti inahitaji maji kiasi gani. Pakiti nyingi ni za nusu lita au lita moja. Kwa nusu lita, pima kwa chupa ya soda au ya maji iliyoandikwa mililita 500. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotiwa dawa ya klorini.

2. Mimina pakiti yote na ukoroge. Usigawe pakiti, usiongeze sukari, wala usichanganye na soda au maziwa.

3. Kila mtoto anapohara, mpe maji hayo. Aliye chini ya miaka miwili, nusu kikombe kidogo cha chai hivi, yaani mililita 50 hadi 100. Mwenye miaka miwili au zaidi, mililita 100 hadi 200. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Akitapika, ngoja dakika 10, halafu endelea polepole.

4. Maji yakikaa saa 24, mwaga yaliyobaki, changanya mengine.

Ikiwa pakiti haipatikani kwa wakati huo, chukua lita moja ya maji safi, utie vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote visawazishwe juu, wala visijae kilima. Usizidishe chumvi, chumvi nyingi ni hatari. Mpe huku ukitafuta pakiti.

Pamoja na ORS, mtoto apewe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, hata kuhara kukikoma mapema. Mwenye miezi sita au zaidi hupewa kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku. Aliye chini ya miezi sita hupewa nusu ya kidonge hicho. Kiyeyushe kwenye kijiko kwa maziwa ya mama au maji safi. Zinki si antibiotiki. Hufupisha ugonjwa, na humkinga mtoto asiugue tena upesi katika miezi miwili mitatu inayofuata.

Usimwachishe mtoto ziwa. Mnyonyeshe mara nyingi kuliko kawaida. Anayekula, mpe uji, ndizi, viazi vilivyopondwa na chakula cha nyumbani kidogo kidogo. Kumnyima chakula ili "tumbo lipumzike" humdhoofisha.

Ni wakati gani antibiotiki inahitajika?

Tusielewane vibaya. Antibiotiki ni dawa ya maana, na kuna siku ambapo mtoto ataihitaji hasa. Siku hiyo ni muuguzi, klinikal ofisa au daktari atakayeamua baada ya kumwona mtoto.

Mpeleke mtoto kituo cha afya mara moja ukiona lolote kati ya haya:

- choo chake kina damu;
- anahara maji mengi kama maji ya kuoshea mchele, hasa kama kuna kipindupindu katika eneo lenu;
- hawezi kunywa wala kunyonya, au anatapika kila kitu;
- macho yamedidimia, analegea, hataki kuamka, au ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole;
- ana homa kali au amepata degedege;
- ni mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili, au amekonda sana kwa utapiamlo;
- amehara kwa siku 14 au zaidi.

Mkiwa njiani, endelea kumnywesha ORS kama anaweza kumeza.

Mkifika, mwambie mhudumu dawa zote ambazo mtoto amepewa nyumbani. Usione haya. Tukijua kwamba amepewa Septrin siku tatu na damu bado inatoka, tunajua dawa gani tusiirudie. Akiandikiwa antibiotiki, mpe kwa kipimo na kwa siku ulizoelezwa. Na ikiwa baada ya siku mbili damu haijapungua, mrudishe. Huenda shigela huyo ni sugu kwa dawa hiyo, na inafaa ibadilishwe mapema. Usingoje dozi iishe mtoto akizidi kudhoofika.

Maswali ambayo mama huuliza

Je, Flagyl haiponyi kuhara damu? Flagyl ni ya amiba na jiadia. Kwa watoto wadogo, kuhara damu huletwa mara nyingi zaidi na shigela, na Flagyl haimuui shigela. Ukianza nayo nyumbani, unapoteza siku za thamani.

Niliambiwa kuna dawa ya kufunga tumbo. Je, nimpe? Usimpe mtoto. Dawa hizo hupunguza mwendo wa utumbo, vijidudu vikabaki ndani, na zinaweza kumdhuru mtoto mdogo. Wala haziongezi maji mwilini.

Mtoto wangu hupewa Septrin kila siku kwa sababu ya mambo ya virusi vya UKIMWI. Je, niache? La, usiache. Hiyo imeandikwa na kliniki ili kumkinga na maambukizi hatari, na sababu yake ni nyingine kabisa. Endelea nayo mpaka kliniki ikuambie vinginevyo.

Dawa zilizobaki nizitunze? Usizitunze kwa mtoto mwingine wala kwa ugonjwa mwingine. Zirudishe kituoni au kwenye duka la dawa uulize namna ya kuzitupa. Usizitupe chooni wala shambani.

Na dawa za kuku? Hili ni swali zuri. Wafugaji wengi huwapa kuku tetrasaiklini majini ili wasiugue au wanenepe. Bakteria wa kuku nao hujifunza usugu, na hutufikia kupitia mbolea, maji na nyama isiyoiva. Muulize daktari wa mifugo kwanza, na ufuate siku za kungoja kabla ya kula au kuuza mayai na nyama.

Kinga

Mtoto asiyehara hahitaji dawa yoyote, na bakteria wanakosa nafasi ya kujifunza. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, na kabla ya kupika au kulisha. Chemsha maji au uyatie klorini, uyaweke kwenye chombo chenye kifuniko. Tumia choo, na kinyesi cha mtoto kitupwe chooni vilevile, kwa sababu nacho kina vijidudu. Mpe mtoto maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza.

Tena usikose chanjo. Kenya ilianza kutoa chanjo ya virusi vya rota bila malipo mwaka 2014. Huanza mtoto akiwa na wiki sita, na ni matone ya mdomoni. Fuata tarehe zilizoandikwa katika kijitabu chako cha mama na mtoto.

Mama msikilizaji, tukumbuke hivi. Kuhara kwa majimaji, kwanza ni ORS, zinki, ziwa na chakula. Kuhara damu, ni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na antibiotiki tuihifadhi kama mbegu ya msimu ujao: anayeikaanga leo kwa sababu ana njaa kidogo, mvua ikija hatakuwa na cha kupanda.

Kabla ya kipindi kijacho, fanya jambo moja. Nenda zahanati au umwone mhudumu wa afya wa kijiji chenu, uombe pakiti mbili za ORS na zinki, uziweke mahali pakavu nyumbani. Kuhara huanza usiku, na usiku maduka yamefungwa.